Pale Uzito Unapokaa

Chumba cha kusahihishia kilikuwa nyuma ya mashine za kuchapia, kidogo kiasi kwamba mtu wa tatu akiingia ilibidi mlango ubaki wazi. Meza moja, viti viwili, dirisha linalotazama ukuta. Upande mmoja wa meza alikaa Mzee Wino, aliyeitwa hivyo kwa sababu vidole vyake havikuwahi kutakata wino mwekundu. Upande wa pili alikaa mwanamke ambaye kiwanda kizima kilimwita Kasuku.

Fundi mashine ndiye aliyempa jina hilo, na fundi mashine akikupa jina, utazikwa nalo.

"Anasoma Kiingereza kutwa kucha na hajui hata kimoja anachosema," alisema siku ile. "Kama si kasuku ni nani huyo?"

Watu wakacheka. Kasuku naye akacheka, maana ukicheka na wanaokucheka, kicheko kinaisha upesi. Tena haikuwa uongo. Aliacha shule darasa la nne, mama yake alipougua, na Kiingereza alichoondoka nacho kilitosha kuomba ruhusa ya kwenda chooni.

Kazi yao ilikuwa hivi. Kabla kitabu hakijachapwa kwa maelfu, hutolewa kwanza karatasi za majaribio, prufu. Kasuku alishika nakala ya mwandishi akaisoma kwa sauti, yote, pamoja na herufi kubwa, nukta na mkato. Mzee Wino aliifuata prufu kwa kalamu. Prufu ikiwa na kosa, alitia alama nyekundu kimyakimya, na kazi ikaendelea. Lakini aliyekosea akiwa msomaji, mzee aligonga meza kwa kitako cha kalamu. Mara moja: simama. Mara mbili: rudia. Asipogonga: endelea. Miaka kumi na tisa walikaa wakitazamana, na ukiondoa mafunzo ya mwanzoni, habari ya asubuhi na kwaheri ya jioni, hiyo ndiyo ilikuwa lugha yao. Kwenye mbao ya meza, upande wa mzee, palikuwa na kishimo kama cha kidole.

Kasuku hakuajiriwa kusoma. Aliajiriwa kufagia vipande vya karatasi. Siku moja akifagia mlangoni pa chumba kile, alikuwa akijisomea maandishi ya boksi la gundi, kwa sauti ya chini, kama mtu anayejiimbia. Mzee akainua kichwa.

"Hilo neno umelikata vizuri. Nani kakufundisha?"

"Hakuna mtu, mzee. Ni refu, nimeona nikilimeza zima litanikaba."

"Kaa hapo," mzee akasema, akamwonyesha kiti kilichokuwa na mafaili. Kasuku hakuondoka tena kwenye kiti kile mpaka zilipokuja kompyuta.

Mzee alimfundisha maneno marefu kama mtu anavyomfundisha mwenzake kula muwa. Muwa hauingii mdomoni mzima. Unatafuta pingili, unakata hapo. Kila pande la neno, alisema, lina irabu yake inayolipa sauti, kama kila chumba kilivyo na taa yake. Hesabu taa, utajua vyumba. Ila Kiingereza kina taa nyingine zimetundikwa hazijawashwa. Usidanganyike na zilizoandikwa, hesabu zinazosikika.

Halafu ukaja uzito, yaani mkazo wa sauti juu ya pande moja la neno. Hapo ndipo Kasuku alipotoka jasho.

"Kwetu uzito haukuumizi kichwa," mzee alimwambia. "Neno liwe fupi liwe refu, uzito unakaa pande la pili kutoka mwisho, kama mtu aliyezoea kiti chake. Kiingereza hakina kiti. Uzito wake unahamahama, na lazima umjue anayeuhamisha."

Anayeuhamisha, mara nyingi, ni mkia. Mzee aliandika *curious* kwenye ukingo wa prufu mbovu, akapiga mstari chini ya pande la kwanza: CU-ri-ous. Kisha akalibandika mkia, likawa cu-ri-O-si-ty, na ule uzito ukaruka kutoka kichwani ukaja kukaa jirani na mkia wenyewe. Mikia ya namna hiyo aliiita mikia ya mabwana: ikifika, kila mtu anasogea. Ipo na mikia ya abiria, inayodandia tu nyuma bila kumsumbua mtu. Akaandika *forget*, akaongeza *forgetful*, akaongeza *forgetfulness*, na kila mara mstari wake ulibaki palepale, kwenye -GET-.

"Ikija mikia miwili, mmoja juu ya mwenzake?" Kasuku akauliza.

"Vua mmoja mmoja, kama nguo. Mwisho utamkuta mwenye mwili."

Basi akavua na kuvalisha, wiki baada ya wiki. Maana za maneno hakuzijua, lakini mizani alizijua. Na hakukuwa na mchezo katika jambo hilo, kwa sababu mzee alikuwa na imani yake: uzito ukihama, macho yamehama; kuna pande msomaji kaliruka au kuna mstari kaupoteza. Kwa hiyo uzito ukikaa pasipo pake aligonga mara mbili, hata kama herufi zote zilikuwa sawa. Mwaka wa kwanza Kasuku alirudi nyumbani akisikia kugonga masikioni. Mwaka wa tano alipita siku tatu nzima bila kugongewa. Mwaka wa kumi aliwahi kulala akaota meza ile, na kwenye ndoto mzee hakugonga.

Nje ya chumba kile hakuwa na watu wengi. Mume alikuja akaondoka, hakuacha hata mtoto wa kumsingizia kufanana. Dada yake alihamia mbali na watoto wake, na simu zake zilikuwa za salamu na dharura. Kasuku aliishi chumba kimoja chenye dirisha uani, na jioni akipika alijisomea pakiti za sabuni na karatasi za dawa, akikata pingili, akigonga ukingo wa sufuria kwa mwiko pale uzito unapokaa. Majirani walidhani anaimba.

Kompyuta zilipokuja, prufu zilianza kusomwa na mashine. Mzee Wino alipewa barua ya kustaafu na saa ya ukutani. Chumba kikawa stoo ya gundi. Kasuku akahamishiwa kwenye kubandika migongo ya vitabu, kazi isiyohitaji mdomo. Aliweza kumaliza kutwa bila kufungua kinywa isipokuwa kwa chai. Fundi mashine akasema, "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Siku huyu Kasuku akilipuka, tuhame mtaa." Hakulipuka. Aliendelea kubandika migongo.

Ndipo zikaja habari kwamba Mzee Wino ameanguka bombani asubuhi, akiwa na ndoo mkononi. Upande wa kulia wote umelala, na maneno yamekwenda.

Kasuku alimkuta kitandani kwake, chumba kilekile alichopanga tangu alipofiwa na mkewe. Binti yake alikuwa amesafiri siku mbili kuja. Alikuwa mshonaji wa sare za shule huko kwenye jiji kubwa, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye futi ya kupimia shingoni hata akiwa hana cha kupima.

"Wewe ndiye Msomaji?" binti aliuliza.

Kasuku akashtuka. Ulimwengu mzima, ni mzee tu aliyekuwa akimwita hivyo.

"Ndiyo, mdogo wangu."

"Nimekusikia tangu nikiwa sekondari. Msomaji kasoma hivi, Msomaji kafika ukurasa fulani. Mimi baba hakuwahi kunikalisha tukasoma hata mstari." Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama anayetaja kipimo cha kiuno. "Karibu. Ila usitegemee kujibiwa. Hamna mtu humo."

Mzee alikuwa anatazama dari. Ndevu zake zilinyolewa vibaya, upande mmoja zaidi ya mwingine.

Muuguzi aliyezungukia wagonjwa wa mtaani alikuja Jumatatu na mkoba wake. Alimwinamia mzee akamwambia, "Baba, nibonye mkono." Mzee hakubonya. "Fumba macho, baba." Hakufumba. Muuguzi akakaa kwenye ukingo wa kitanda akawaeleza bila kuzungukazunguka. Mguu ungerudi kidogo. Maneno ndiyo yenye kazi. Huko jijini kwa binti kulikuwa na hospitali yenye darasa la kuwafundisha wagonjwa kama huyu kusema upya, lakini nafasi zilikuwa za kuhesabu, na hawakumpokea mtu asiyeelewa anachoambiwa.

"Nitarudi Ijumaa," alisema. "Akinipa dalili moja tu kwamba anaelewa, naandika barua na unaondoka naye Jumamosi. Asiponipa, ipo nyumba ya wazee pale nyuma ya soko. Watamlisha, watamgeuza. Si pabaya."

Nyumba hiyo Kasuku aliijua. Ilikuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake.

Kuanzia siku hiyo, kila akitoka kazini alipitia kwa mzee. Chini ya kitanda alilikuta boksi la prufu kuukuu, lililojaa kurasa ambazo mzee alikataa kuzitupa. Akachukua prufu za kitabu cha sayansi cha shule, akavuta kiti akakaa wakitazamana kama zamani, akasoma. Herufi kubwa, neno, mkato, neno, nukta. Alikata kila pingili mahali pake na kuweka kila uzito kwenye kiti chake. Jumatatu kurasa sita. Jumanne tisa. Mzee alitazama dari. Jumatano alisoma kurasa kumi na mbili bila kosa hata moja, akimaliza kila ukurasa anamchungulia usoni, na mzee alikuwa kimya kama ukuta. Binti alipita na beseni la nguo.

"Dada, unajichosha."

"Nimekwisha kuzoea."

"Kuzoea ni kitu kingine," binti akasema, akatoka uani kufua.

Alhamisi Kasuku alifika akiwa amechoka mwili na moyo. Akafungua ukurasa, akaanza, lakini mawazo yalikuwa yameshika njia yao. Alikuwa anaiwaza ile nyumba nyuma ya soko. Saa za kutembelea zilianza saa kumi. Yeye alitoka kazini saa tisa na nusu. Angeweza kupata kiti. Angekuja na boksi lote, na boksi likiisha angeanza upya. Kila siku, hata Jumapili. Mzee asingejibu, sawa, lakini zamani pia hakuwa mtu wa kujibu, na angalau angekuwa na mtu wa kumsomea mpaka mmoja wao aishe. Wazo hilo lilimpa joto, akajionea haya kwa joto hilo, na mdomo ukiwa peke yake ukalikuta neno *electricity* ukalipitia kwa uzito wa nyumbani, pande la pili kutoka mwisho: e-lec-tri-CI-ty.

Tak, tak.

Kasuku akaweka kidole kwenye mstari. Uani maji yalisikika yakimwagwa. Akautazama mkono wa kushoto wa mzee uliokuwa juu ya shuka, karibu na mbao ya kitanda. Kidole cha kati kilikuwa kimekunjwa.

Akarudia. "E-lec-TRI-ci-ty."

Kimya.

Aliendelea mistari miwili, vizuri, kama anayetembea na maji kichwani. Kimya. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakulifanya hata kwa mzaha: alikosea kwa makusudi. Neno lilikuwa *temperature*, na uzito wake ni kichwani. Akauvuta mpaka pande la tatu.

Tak, tak. Na safari hii mzee aliacha kutazama dari. Alimtazama yeye, kwa lile jicho la zamani la mtu aliyeona koma pasipo na koma.

Hapo ndipo Kasuku alipoelewa, na kuelewa kwenyewe kukamkalisha vibaya kwenye kiti. Siku tatu alikuwa amesoma bila kosa akisubiri ajibiwe, na siku tatu mzee alikuwa akimjibu. Alikuwa akimwambia endelea. Muuguzi angebonyezwa vipi mkono na mtu ambaye maisha yake yote, kitu kikiwa sawa, hakufanya chochote?

Binti bado alikuwa anafua. Hakusikia. Hakuna aliyesikia ila wao wawili.

Tusimfanye Kasuku kuwa malaika. Alikaa. Aliyasikia maji yakimwagwa mara ya pili, na nguo zikikamuliwa, na wakati huo wote alikuwa anapima. Akinyamaza, kesho muuguzi ataomba abonyezwe mkono na hatabonyezwa, na Jumamosi mzee atakuwa hatua mia tatu kutoka mlangoni kwake, naye atasoma na mzee atagonga, na hiyo itakuwa siri yao, sawasawa na zamani. Akisema, mzee atakwenda mwendo wa siku mbili, na nauli ya kumfuata huko ni ndoto. Hakuna mtu angemlaumu. Kasuku halaumiwi kwa asichokisema.

Mzee alikuwa bado anamtazama. Kidole kikagonga mara moja. Simama.

Pengine alikuwa amechoka tu. Kasuku hakujua, wala hakuwahi kujua baadaye. Alikunja ukurasa, akasimama, akaenda mlangoni.

"Mdogo wangu, acha hizo nguo. Njoo usikie."

Binti alikuja na mapovu mpaka viwikoni. Kasuku akamweleza: sawa ni kimya, kosa ni mara mbili. Akasoma neno vizuri, kimya. Akalisoma vibaya, tak tak. Binti alitazama kidole, akamtazama Kasuku.

"Anatetemeka tu. Mkono unamcheza."

"Basi soma wewe."

"Mimi?"

"Kaa hapa."

Binti akakaa kwenye kiti cha msomaji, maji yakimdondoka kwenye karatasi, akaanza. Kiingereza alikuwa nacho kuliko Kasuku mara kumi, lakini alikisoma kama wengi wanavyokisoma, kila uzito umekalishwa kwenye kiti cha nyumbani. Tak tak. Akarudia. Tak tak. Neno la pili, tak tak. La tatu likapita, la nne likagongwa.

"Mbona ananigonga mno?"

"Kwa sababu unakosea mno."

Binti akaanza kucheka, na kicheko kikamgeuka katikati kikawa kitu kingine. Akaweka paji la uso juu ya ule mkono wa kushoto. "Baba," akasema, "kumbe ulikuwa humu." Kidole hakikuwa na pa kugonga, kikamgonga kichwani, polepole, mara mbili.

"Anasema urudie," Kasuku akamwambia.

"Baba," binti akarudia.

Kimya.

Ijumaa muuguzi alikuja, akaonyeshwa, akaomba aonyeshwe tena, akatoa kalamu akaandika barua akiwa amesimama. Jumamosi asubuhi gari lilikuja mpaka mlangoni. Walimweka mzee kiti cha mbele, na mto ubavuni. Binti alimpa Kasuku lile boksi.

"Lichukue wewe, dada."

"Atasomewa nini huko?"

"Nitanunua kitabu. Chenye maneno marefu." Akajaribu kutabasamu. "Nimwambie nini akikuulizia?"

"Hawezi kuuliza."

"Akiweza."

"Mwambie Msomaji anaendelea."

Gari likaondoka, na kama kuna kilichogongwa kwenye kioo, mlio wa injini ulikimeza.

Mwezi wa tatu tangu waondoke, ulikuja ujumbe kwenye simu. Mzee alikuwa amesema neno lake la kwanza darasani, na neno lenyewe lilikuwa "Rudia." Mwalimu alidhani mzee hajamsikia, akarudia mara tatu kwa sauti ya juu, mpaka binti alipomtonya kwamba ni yeye mwalimu aliyekosea. Kasuku alicheka peke yake kwenye kiti cha kubandikia migongo. Fundi mashine akageuka.

"Kasuku, nani kakuchekesha?"

"Hakuna mtu."

Saa ya chakula, wenzake walipotoka kwenda kukaa kivulini, aliomba ufunguo wa stoo, kuchukua gundi. Meza bado ilikuwepo, imesukumwa ukutani chini ya makopo. Aliyasogeza makopo mawili, kishimo kikaonekana. Akatoa mfukoni ukurasa mmoja wa lile boksi, akausoma kwa sauti kutoka juu mpaka chini, akikata kila neno kwenye pingili zake, akiuacha uzito ukae pale unapokaa.

Alipofika kwenye nukta ya mwisho alisubiri. Palikuwa kimya. Akasubiri tena kidogo, kwa sababu katika chumba kisicho na mtu huwezi kujua ni kimya cha aina gani. Kisha akageuza ukurasa, kumbe nyuma pia pamechapwa, akavuta pumzi akaanza: herufi kubwa.